Probox: pedi mpya za mbele, tairi ya kushoto inaungua na pedali inaanzia chini

Kaskazi_Mld

Assalaam aleikum wajuzi wa magari. Naomba msaada wa Toyota Probox ya 2008, injini 1.5, gia otomatiki, ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisikwame ukifunga breki) ipo. Pedi za mbele ziliisha mpaka chuma cha upande wa kushoto kikaanza kula diski. Zikawekwa pedi mpya pande zote mbili, diski ni zile zile, na mafuta ya breki hayakuguswa.

Tangu hapo pana mambo matatu. Ukikanyaga mara ya kwanza pedali inashuka kupita nusu ndipo ishike. Ukipiga mara mbili za haraka inapanda na kuwa ngumu. Ukitoka Malindi mjini ukafika Gongoni, rimu ya mbele kushoto haigusiki kwa moto, na harufu ya kuungua unaipata ukifungua mlango tu. Ya kulia ina joto la kawaida. Halafu ukifunga breki gari linavuta kushoto, na baada ya mwendo mrefu linavuta hata bila kukanyaga. Asubuhi likiwa limepoa halivuti wala halichomi, ila pedali bado iko chini.

Fundi wa kwanza amesema ni masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali). Wa pili amesema pedi ni feki. Sitaki kununua masta silinda kwa kubahatisha. Nianzie wapi? Gari hubeba bidhaa kwenda Marereni mara tatu kwa wiki na hupita kwenye mashamba ya chumvi.

GerejiMaweni

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kabla ya yote, mzigo wa Marereni usubiri. Breki inayobaki imeshika huchemsha mafuta yaliyo ndani ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yastahimili angalau 205°C kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji kutoka hewani kiwango hicho hushuka hadi 140°C, na hewa ya huku kwetu imejaa maji mwaka mzima. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda mpaka sakafuni bila kukuonya. Mafuta yako ni ya zamani, basi usiyategemee kwa safari hata moja yenye mzigo.

Sasa masta silinda. Kwenye gari linalovutwa na tairi za mbele kama hili, masta silinda kwa kawaida hugawa njia zake kwa mshazari: mbele kushoto pamoja na nyuma kulia, mbele kulia pamoja na nyuma kushoto. Ingekuwa masta silinda haiachii, tairi ya nyuma kulia nayo ingepata moto. Wewe unaungua tairi moja tu. Kwa hiyo tafuta kwenye tairi hiyo hiyo, kuanzia mpira wa breki (bomba laini la mafuta linaloingia kwenye kalipa) kushuka chini.

Na pedi feki zinaweza kupiga kelele, kuteleza au kuisha upesi, lakini hazina uwezo wa kuikamata tairi moja likishapata moto na kuiachia likipoa.

Fanya kipimo hiki, hakihitaji kununua kitu. Endesha kilomita 8 hivi kwenye njia tulivu, breki ukanyage pale pa lazima tu, mpaka tairi ipate moto. Simama pahala tambarare, vuta hendibreki, zuia tairi za nyuma kwa mawe, legeza nati za tairi kidogo, inua kwa jeki kisha uweke stendi. Usiingize mkono wala mguu chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Weka gia N, zungusha tairi kwa mkono. Ikizunguka kwa uzito, vua tairi, vaa glavu na miwani, chomeka mpira mwembamba kwenye nipeli ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa, mwisho wake uwe ndani ya chupa. Fungua nipeli robo mzunguko, kwa spana ya mviringo, usitumie ya mdomo wazi ukaila kona zake.

Mafuta yakiruka kwa nguvu na papo hapo diski ikawa nyepesi, kuna shinikizo lililonaswa. Funga nipeli, mtu akanyage breki na kuachia, diski ikamate tena, halafu legeza nati ya paipu ya chuma pale inapokutana na mpira wa breki. Ukilegeza hapo na diski bado imekamatwa, lakini ukifungua nipeli inaachia, mpira wenyewe umevimba kwa ndani: unaruhusu mafuta kwenda na unayazuia kurudi. Kwa nje utauona mzima kabisa. Ukilegeza pale juu na diski ikaachia, ndipo sasa tuzungumze habari za masta silinda na busta (kifaa kinachouongezea nguvu mguu kwenye pedali).

Mafuta yakitoka kwa unyonge na diski ikabaki nzito vile vile, shinikizo halihusiki. Kilichoshika ni chuma kwa chuma: pistoni, pini za kalipa, au pedi zimebanwa kwenye fremu yake (chuma kinachozishikilia).

Kipimo hicho kifanyike tairi likiwa na moto. Likipoa utapima kitu kizima na kurudi mwanzo. Ile pedali ya chini ni jambo la pili, tutalifikia.

Dereva_Watamu

Naongeza moja. Kabla ya jeki, mwagia tone la maji kwenye kitovu cha rimu zote nne ukishasimama. Ukiona la mbele kushoto linachemka na la nyuma kulia maji yanatulia tu, jibu la masta silinda umeshalipata bila spana. Ila maji yawe kwenye rimu, usimwagie diski yenyewe ikiwa na moto.

SpanaKumi

Nakubaliana na GerejiMaweni kwa mpangilio, lakini kwa gari linalopita Gongoni na Marereni, mimi ningeweka dau langu kwenye fremu ya kalipa kabla ya mpira. Tazameni pale masikio ya pedi (ncha zake mbili) yanapokaa. Fremu ni chuma cha kusubu, na juu yake pamevikwa vibati vyembamba visivyoshika kutu. Chumvi inaingia nyuma ya kibati, kutu inaota pale katikati ya kibati na fremu, na kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo kibati kinasukumwa nje, robo milimita, nusu milimita. Pedi ya zamani ilikuwa imeshajichongea njia kwa kwenda na kurudi, ikawa inapita. Pedi mpya ina masikio ya kipimo kamili, haipiti. Fundi anaigonga kwa nyundo inaingia. Imeingia, lakini haitarudi.

Pistoni inapoachiwa hairudishwi na springi. Inarudishwa na sili ya mpira ya mraba iliyojipinda kidogo wakati wa kukanyaga, nayo hunyooka na kuivuta pistoni chini ya milimita moja. Nguvu hiyo ni ndogo sana. Pedi iliyobana kwenye fremu haitasogea kwa ajili yake. Inabaki inasugua diski, diski inapata moto, pedi inatanuka kwa moto na kubana zaidi. Likipoa inalegea. Ndiyo maana asubuhi huoni kitu.

Kipimo cha pedi ni rahisi: pedi inatakiwa iingie kwenye fremu kwa vidole viwili na itelezeke kwa vidole viwili. Ukihitaji nyundo, simama, kasafishe.

Kaskazi_Mld

Shukran sana. Nimefanya. Tone la maji lilichemka mbele kushoto tu. Kwenye nipeli mafuta yalitoka polepole, meusi kama kahawa, na diski haikulegea hata kidogo. Nimeivua kalipa: bolti mbili za nyuma zimetoka vizuri. Pini ya juu inatelezeka, ya chini haisogei kabisa kwa mkono. Pedi zilikuja kwa bisibisi kubwa. Pedi ya ndani imeisha zaidi ya ya nje, na imeisha mshazari, upande mmoja umebaki mnene. Zina wiki tatu tu.

GerejiMaweni

Basi tumefika. Pedi iliyoisha mshazari ni barua ya pini iliyokwama: upande mmoja wa kalipa unasogea, wa pili umeshikwa, kalipa inakaa mkao wa kupinda na pedi inalika kama kabari. Ya ndani kuisha zaidi ya ya nje inathibitisha jambo hilo hilo, maana pistoni inasukuma pedi ya ndani, na ili ya nje ifike kwenye diski kalipa nzima lazima itelezeke. Isipotelezeka, kazi yote inafanywa na pedi moja.

Fanya pande zote mbili hata kama kulia hakujalalamika. Ukirekebisha kushoto peke yake utaona kesho gari linavuta kulia.

Kalipa iliyovuliwa itundike kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake wa breki, utaukata kwa ndani halafu tatizo la mpira utalinunua mwenyewe.

Pini ya chini izungushe kwa spana huku ukiivuta. Usiivute moja kwa moja, utachana mpira wa vumbi. Kabla hujatoa ya juu, weka alama. Pini hizi mbili hazifanani: moja ni laini mwili mzima, nyingine ina kipande cha mpira kichwani au sehemu iliyochongwa bapa. Zikibadilishana nafasi, yenye mpira inavimba na kukwama mahali pasipo pake. Ikiwa pini ina vidimbwi vya kutu, inunuliwe mpya pamoja na mipira ya vumbi. Kuipiga msasa kunapunguza unene, itacheza na kugonga kwenye njia mbovu. Shimo lake safisha kwa kitambaa kilichozungushiwa waya, kavu mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Grisi ndiyo watu wanapoharibia. Usitumie grisi ya beringi. Ile imetokana na mafuta ya petroli, inavimbisha mpira, na baada ya miezi michache pini inakwama kuliko mwanzo. Nina hakika asilimia kubwa ya pini tunazozitoa zimekwama hivyo hivyo, ukizifungua unakuta grisi ya kahawia imegeuka nta. Nunua grisi ya silikoni iliyoandikwa ni ya breki, au ile nyekundu ya mipira ya breki. Paka nyembamba. Ukijaza shimo, hewa iliyonaswa chini inakuwa kama springi, pini inasukumwa nje.

SpanaKumi

Na fremu usiisahau, kaka. Ivue kabisa, bolti zake mbili kubwa ziko nyuma ya knako (chuma kinachobeba tairi). Ng'oa vibati, kwangua kutu kwa brashi ya waya na tupa bapa mpaka uone chuma cheupe. Tupa ipite mara chache tu kwa upole, unaondoa kutu, si fremu. Vibati vipya huuzwa kwa seti, vingine huja na pedi kwenye boksi moja. Vikiwa havikuja, viagize. Kibati cha zamani kilichopinda kinaibana pedi upya.

Masikio ya pedi nayo yana rangi nene ya kiwandani. Ikiwa pedi inabana kidogo tu kwenye fremu safi na kibati kipya, kwangua rangi hiyo kwenye masikio. Grisi kidogo sana ya joto kali pale sikio linapogusa kibati na pale pistoni inapogusa mgongo wa pedi. Uso wa pedi usiguswe na kitu chochote.

Maliki_Barani

Mimi husafisha yote hayo kwa petroli na breki inakuwa safi kabisa. Kalipa, pini, diski. Ni rahisi na haina gharama.

GerejiMaweni

Ndugu Maliki, kwa chuma kilichovuliwa peke yake, sawa. Lakini petroli ikigusa sili ya pistoni na mipira ya vumbi inaivimbisha, na kwenye diski inaacha utando wa mafuta unaoingia kwenye pedi. Pedi iliyokunywa mafuta haisafishiki, inatupwa. Diski ioshwe kwa spirit ya breki ya kopo, au maji ya moto na sabuni ya unga kisha ikaushwe mara moja. Na vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa. Pedi na shuu (zile za breki za nyuma) za zamani nyingine zina asbestosi, inaingia mapafuni na haitoki. Lowesha, kisha pangusa kwa kitambaa na ukitupe.

Kaskazi, kabla ya kurudisha, tupime diski. Umesema chuma kilikula upande wa kushoto. Unene wa chini kabisa umepigwa chapa kwenye diski yenyewe, kwenye kitovu au ukingoni, tafuta herufi MIN TH na namba ya milimita baada yake. Pima kwa maikromita sehemu nne za mzunguko, ndani kidogo ya ule ukingo ulioinuka. Vernia ya kawaida inadanganya hapa, mdomo wake unakaa juu ya ukingo na kukupa namba kubwa kuliko ukweli. Ikiwa chini ya namba hiyo, diski inatupwa, na zinanunuliwa mbili. Ikiwa juu yake kwa milimita moja au zaidi, inaweza kukerezwa kwenye lethi, pande zote mbili kwa sawa. Mifereji inayokwama kwenye ukucha haitaondolewa na pedi mpya, pedi ndiyo itakayoisha.

Kitovu nacho. Vua diski, sugua kutu kwenye habu inapokaa mpaka iwe tambarare. Kipande cha kutu chenye unene wa karatasi pale kati kinaonekana kama mtetemo mkubwa ukingoni mwa diski. Kwa Toyota nyingi mchezo wa diski (kuyumba kwake ikizunguka) hautakiwi uzidi 0.05 mm. Watu wengi husema diski imepinda, kumbe imekaa juu ya kutu.

Kaskazi_Mld

Kushoto ninapata 16.9, 16.8, 16.9, 16.7. Chapa inasema 16. Kulia 17.4 pande zote. Mifereji ya kushoto inakwama kwenye ukucha. Ikerezwe?

GerejiMaweni

Huna nafasi. Kukereza mifereji hiyo kutakula milimita nzima hadi mbili kwa jumla ya pande mbili, utaangukia chini ya 16. Badilisha diski zote mbili. Diski nyembamba ina hasara tatu: haina chuma cha kumeza joto, inapasuka, na pistoni inalazimika kutoka mbali zaidi kila pedi zinapoisha. Kwa gari la mzigo usifikirie mara mbili.

Diski mpya zina mafuta ya kuzuia kutu. Zioshwe kabla ya kufungwa.

DukaLaSpea_Mld

Salaam. Kwa kuwa mnataja diski na pedi, niwaambie mambo ya kutazama dukani, maana feki zipo kweli ingawa si ugonjwa wa gari hili. Pedi halisi mara nyingi ina alama ya kundi la msuguano iliyochapwa, herufi zake hazifutiki kwa kidole. Kingo za nyenzo mara nyingi huwa na mkato wa mshazari, na shimu (kibati chembamba cha kuzuia kelele) ikiwepo mgongoni iwe imeshikwa barabara. Pedi ambayo bati na nyenzo zinaonyesha ufa kwenye kiungo chao, hata kama ni mpya kwenye boksi, irudishe. Kwenye hewa ya chumvi ufa huo unaingia kutu, nyenzo inabanduka nzima.

Njoo na namba ya chasisi. Probox NCP50, NCP51 na NCP55 zinaitwa Probox zote, lakini usichukue kwa kukadiria kwa macho. Tukiingiza namba ya chasisi tunapata namba ya spea moja kwa moja. Na usichanganye pedi za kampuni mbili, kushoto moja kulia nyingine. Msuguano hautalingana na gari litavuta.

Kaskazi_Mld

Shukran dada. Diski mbili, seti ya vibati, pini na mipira ya vumbi vimepatikana. Pedi je? Zile za wiki tatu zitumike?

SpanaKumi

Za kushoto zimelika mshazari na zimeungua, hapana. Ukiangalia uso wake utaona unang'aa kama kioo na kingo zimepata rangi ya kijivu iliyochujuka. Hiyo imepikwa, haitashika tena sawa. Na pedi hununuliwa kwa ekseli nzima, kwa hiyo za kulia nazo zinawekwa akiba au zinatupwa. Inauma, lakini bei ya pedi ni ndogo kuliko bei ya diski mbili mpya zitakazoharibiwa nazo.

GerejiMaweni

Sasa ile pedali. Kabla hujatoa hewa popote, hesabu mibofyo ya hendibreki. Ukiivuta kwa nguvu ya kawaida, inatakiwa ishike kati ya mibofyo 6 na 9. Ni mingapi kwako?

Kaskazi_Mld

Kumi na tatu.

GerejiMaweni

Hapo ndipo nusu ya pedali yako ilipo. Shuu za nyuma ziko mbali na dramu (bakuli la chuma linalozunguka na tairi). Kila ukikanyaga, masta silinda inatumia safari yake ya mwanzo kuzisukuma shuu zifike, halafu ndipo shinikizo linapanda. Ukipiga mara ya pili upesi, shuu hazijarudi mbali, pedali inakuwa juu. Hewa nayo huleta dalili hiyo hiyo, kwa hiyo anza na shuu, ndipo utoe hewa. Ukianza na hewa utatoa lita nzima ya mafuta na pedali itabaki chini.

Achia hendibreki, inua nyuma, vua dramu. Ikigoma, ina matundu mawili yenye uzi: ingiza bolti za M8 na uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Usiipige ukingoni kwa nyundo, ukingo unapasuka. Ndani tazama silinda ndogo: inua mpira wake wa vumbi kwa ncha ya bisibisi. Unyevu mdogo ni kawaida, mafuta yanayotiririka ni silinda mbovu, na shuu zilizolowa zinatupwa pamoja nayo. Kisha zungusha gurudumu la meno la kurekebishia, jino baada ya jino, mpaka dramu ikae kwa shida kidogo, halafu rudisha meno machache hadi izunguke na sauti nyepesi tu ya kugusa. Hesabu ya meno iwe karibu kushoto na kulia. Kebo ya hendibreki ikazwe mwisho kabisa, baada ya shuu. Anayeikaza kebo kwanza anazuia kirekebishi cha ndani kisifanye kazi.

Kirekebishi chenyewe kivue, ukifungue uzi wake, ukisafishe na ukipake grisi kiasi. Kwa huku pwani kinaganda kwa kutu, na ndicho kilichofanya shuu zako zibaki nyuma mpaka mibofyo ikafika 13.

Baada ya hapo badilisha mafuta yote. Meusi kama kahawa yamekwisha. Lita moja ya DOT 3 kutoka kopo lililofungwa inatosha, DOT 4 pia inachanganyika nayo. DOT 5 ni silikoni, haiingii humu kabisa. Kopo lililokaa wazi kwenye rafu tangu mwaka jana usilitumie hata kama limejaa.

Nyonya yaliyo kwenye kopo la masta silinda kwa bomba la sindano, jaza mapya, ndipo uanze kutoa. Masta silinda iko upande wa kulia, kwa hiyo anzia mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Msaidizi akanyage polepole na kushikilia, ufungue, pedali ishuke, ufunge, ndipo aachie. Chini ya pedali weka kipande cha ubao cha kama sentimita 4. Pedali ikizoea kwenda mpaka sakafuni kwenye gari la umri huu, sili za masta silinda zinapita sehemu ya silinda ambayo haijawahi kutumika, yenye kutu na uchafu, zinakatika. Wengi hubadilisha pedi leo na masta silinda wiki ijayo kwa sababu hiyo, wakasema pedi zimeleta nuksi.

Kopo lisikauke hata mara moja. Hewa ikiingia kwenye bloku ya ABS, utahitaji mashine ya skana ya kuendesha pampu yake ili itoke.

Dereva_Watamu

Mzee, na kurudisha pistoni? Nasikia kuna hatari.

GerejiMaweni

Ipo. Ukiisukuma pistoni ndani huku nipeli imefungwa, mafuta machafu ya kalipa yanarudi juu kupitia ABS, na kopo linafurika. Mafuta ya breki yanayeyusha rangi ya gari, yakimwagika mwaga maji mengi papo hapo. Fungua nipeli, mpira ndani ya chupa, sukuma kwa klempu polepole huku umeweka pedi ya zamani katikati, funga nipeli kabla hujaachia klempu. Pistoni ikigoma kwenda kwa nguvu ya mkono kwenye klempu, au ukiona kutu inaingia chini ya mpira wake wa vumbi, kalipa ifunguliwe na sili ibadilishwe.

Kaskazi_Mld

Alhamdulillah. Pistoni zote zimerudi kwa wepesi. Silinda za nyuma kavu. Kirekebishi cha nyuma kushoto kilikuwa kimeganda kabisa, nimekifungua. Hendibreki sasa mibofyo 7. Mafuta mapya, pedali inashika juu kwenye robo ya kwanza na haizami nikiishikilia dakika moja injini ikiwaka. Nati zote nimezikaza.

SpanaKumi

Kwa kiasi gani? Nati za tairi za Toyota hii ni 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa mshazari, mizunguko miwili: kwanza nusu ya nguvu, kisha yote. Bunduki ya hewa ikikaza moja kwa moja inapinda diski mpya kwenye habu. Bolti ndogo za kalipa ni takriban 34 Nm tu, ukizivunja kwa nguvu za mkono mrefu ni tabu kuzitoa.

Kisha zizoeshe pedi kwa diski kabla ya mzigo. Asubuhi mapema, barabara ya Mombasa ikiwa tupu: kutoka kilomita 50 kwa saa shuka hadi 10 kwa kukanyaga kwa wastani, bila kusimama kabisa, mara kumi, katikati uende nusu kilomita hivi ili zipoe. Mwishoni endesha dakika kumi bila breki. Usisimame ukiwa umekanyaga diski ikiwa na moto, pedi itaacha alama yake pale ilipokaa, na alama hiyo ndiyo mtetemo utakaousikia baadaye kwenye usukani.

Kaskazi_Mld

Nimezoesha leo baada ya alfajiri, kisha nimekwenda mpaka Gongoni na kurudi bila mzigo. Nimeazima kipimajoto cha mwanga: diski ya kushoto 92, kulia 88. Gari halivuti upande wowote. Imebaki sauti nyembamba ya kukwaruza mbele kulia, mwendo wa polepole tu, na ikikanyagwa breki haibadiliki.

GerejiMaweni

Tofauti ya digrii 4 si kitu. Sauti isiyobadilika ukikanyaga haitoki kwenye pedi. Tazama bati la vumbi lililo nyuma ya diski. Kuivua fremu kwa nguvu kunalisukuma, na diski mpya ni nene kuliko ile ya zamani kwa hiyo nafasi imepungua. Utaona mstari unaong'aa mahali linapoguswa. Livute nyuma kwa vidole milimita 2, zungusha diski, usikilize tena.

Likinyamaza, safari ya kwanza peleka nusu ya mzigo. Ukirudi pima joto tena kabla ya kulala. Na kwa njia hiyo ya chumvi, mwagia tairi maji ya bomba kwa ndani kila unapotoka Marereni, baada ya diski kupoa, na pini zifunguliwe kila baada ya miezi sita hata kama hazijasema kitu.

Kaskazi_Mld

Lilikuwa bati. Limenyamaza.